Mke wa Weber Bado Hajasaini

Basi lilikuwa linavuka mto kwenda Arlington, huku Marekani, na binti Mkenya aliyekaa mbele yangu alikuwa bado hajaandika kitu kwenye fomu ya kubadilisha jina. Ofisini alitakiwa saa nne. Kaka mmoja Mtanzania, mwanafunzi, wala hawajuani, akachungulia. Nikazima simu yangu nisikie vizuri.

"Weber?" akauliza. "Dada, umeolewa na Mjerumani?"

"Babu yake ndiye alikuwa Mjerumani. Mume wangu anasema ni jina la wasomi, eti niache Mumbi niwe Weber."

"Msomi yupo, wa sosholojia, vitabu vyake vimeninyima usingizi mwaka mzima. Lakini Weber maana yake ni mfumaji wa nguo, dada. Ujerumani wako tele, kama akina Juma kwetu."

"Wee! Mfumaji?" Mumbi akajipiga paja mpaka dereva akatazama kiooni. "Na vile alinicheka! Nilimwambia Mumbi kwa Kikuyu ni mfinyanzi, akaniuliza vyungu viko wapi!"

"Basi nyote mafundi. Andika tu, jina la mume ni heshima."

"Heshima ya nani? Wewe ungekubali kuitwa Mumbi?"

Kaka akaanza kusoma tangazo la dirishani kwa bidii ambayo nadhani vitabu vyake havijawahi kuiona.

Basi likasimama. Mumbi akaikunja fomu ikiwa tupu, akashuka huku anampigia mumewe simu: "Umeshafika mlangoni pa ofisi? Sawa. Kabla sijasaini, nionyeshe shuka moja tu uliyofuma."