Mwalimu Jedidah Ouko na Kilima Tulichokificha

Leo Ijumaa, tarehe 25 Julai 2025, Mwalimu Jedidah Ouko anastaafu baada ya miaka thelathini na mitano ya kushika chaki. Kamati ya kumuaga imeniomba mimi, katibu wa chama chake cha filamu, niandike. Kusimama mbele ya watu huwa siwezi. Kuandika, wacha nijaribu.

Alianzia shule ya Ogwedhi, kando ya soko la mifugo. Siku za soko ng'ombe walipita dirishani wakilia, naye akafundisha mashairi kwa sauti ya kuwashinda. Sauti hiyo alikuja nayo hapa Homa Bay, na wapishi wetu wanajua fasihi yote bila kutoka jikoni.

Kila mwaka huwatoa Kidato cha Tatu darasani, wakatembea na madaftari kutoka steji ya matatu mpaka ufuoni mwa ziwa. Husema huwezi kumjua mhusika kabla hujapanda mlima anaoupanda kila siku.

Mimi sikumsikiliza. Mwaka jana tulitengeneza filamu ya maisha ya jiji, tukiipiga hapa hapa mjini kwetu, nami nikashika kamera. Nilitaka tufanane na Nairobi, basi kilima cha Asego nikakikata, ziwa nikalikata, na kina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, nikawaacha nje ya picha. Mwalimu alitazama mpaka mwisho.

"Huu ni mji gani?"

"Nairobi, Mwalimu!" Frankline, mwenzetu wa chama, akajibu.

"Nairobi gani hiyo, paka wote wanatazama upande mmoja?"

Tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Wenzangu walipotoka aliniuliza, polepole, "Nyathina, mwanangu, paka walikuwa wanaangalia nani?"

Nikamwambia ukweli ambao sikuwahi kumwambia mtu shuleni: walikuwa wanamwangalia mama yangu na omena yake.

Hakunikemea. Alinirudishia kamera tu. Kesho yake nilirudi ufuoni kuipiga filamu upya, na Mama akauliza, "Sasa si ungeniambia nijipake mafuta?"

Filamu hiyo mpya itaonyeshwa leo ukumbini. Mama ameketi kando ya Mwalimu, na amejipaka mafuta. Uso wake ukitokea, nitasimama niseme huyo ni mama yangu.

Erokamano, asante sana, Mwalimu. Huko nyumbani kwako Magunga, twiga wa mbuga ya Ruma wakikuchungulia juu ya ua, tunakuombea afya, mvua ya kutosha na asubuhi zisizo na kengele. Ukitukumbuka, tazama filamu yetu. Kilima kimo.