Nyumba ya Mtumba

"Nyumba ya mtumba? Matar, mtumba ni shati!" "Si nyumba, mke wangu, ni boti ya kukaa mferejini, ina kitanda, ina jiko—" "Ndo mbaya zaidi! Pemba nilitoroka kwa boti, nikitapika mpaka Shimoni, nikaapa silali tena juu ya maji!"

Kiti cha nyuma yao, ndani ya basi la Wembley, abiria mwenzao Zainab alikodolea macho dirisha kama mtu asiyejua Kiswahili, na huku mbavu hana.

"Kodi ya fleti imetushinda, Hayat. Na maji yenyewe kiunoni tu!" "Kiunoni kwako weye, mlingoti! Mimi yatanifika puani!"

Basi likasimama. Hayat akainuka kwa hasira, akakusanya buibui lake, akamgeukia Zainab.

"Na wewe dada, wacha kujifanya. Unajua kuogelea? Nifundishe."