Pikipiki Iliyozimwa na Watu Watano

Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na tundu la kitasa bado lipo. Hukaliwa na watu watatu wa kudumu. Sekunde ni fundi saa, na meza yake iko hapo hapo. Gundi ni fundi viatu. Katibu ni mstaafu aliyeandika mihutasari ya vikao kwa miaka thelathini na moja na hajapata kikao kingine ila hiki. Mama Vikombe humimina kahawa, mimi hukaa mwisho, upande wa bawaba. Ng'ambo ya barabara kuna zahanati. Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, Trei na shemeji yake Breki walifika na pikipiki yao ikinguruma. Pikipiki hiyo ni ya ubia: Trei anaendesha asubuhi, Breki jioni. Kila siku saa nne kamili hupeleka boksi la sampuli za damu kutoka zahanati hiyo hadi hospitali kubwa. Wiki hii ilikuwa imegoma mara mbili, na zahanati ilikuwa imesema ikigoma mara ya tatu kazi wanapewa wengine.

Trei hakuizima. Alishuka akaiacha inanguruma.

— Katibu, tuamulie. Dada yangu amesema mimi na mume wake tusirudi nyumbani mpaka tukubaliane pikipiki inazimwaje.

— Inazimwaje? Gundi akauliza, uzi mdomoni. Si unazima tu.

— Unazima tu kwa kitu gani? Hapo ndipo penye kesi.

Katibu aliweka kikombe chini, akachomoa kalamu mfukoni.

— Akidi imetimia. Mlalamikaji aanze.

— Mimi nazima kwa ufunguo, Trei akasema. Nageuza, nachomoa, natia mfukoni. Shemeji anazima kwa hiki kidude chekundu cha kwenye usukani. Jumatatu asubuhi nimetia ufunguo, nikapiga kiki mpaka goti likavimba. Kumbe kidude kimezimwa tangu jana yake. Plagi imelowa petroli chapachapa, nikaianika juani kama soksi.

— Kidude kimewekwa na kiwanda, Breki akajibu. Kingekuwa pambo wangekitundikia shanga.

— Ni cha ajali, shemeji. Kwamba ukianguka, mkono hauufikii ufunguo, ndiyo unabonyeza. Wewe unazima kila siku kama mtu anayeanguka.

— Kwa anavyoendesha, hajakosea, akasema Mama Vikombe.

Breki alimwangalia, akaamua kumjibu Katibu.

— Ukizima kwa swichi, mikono yote miwili inabaki kwenye usukani. Ukienda kutafuta ufunguo unabakiwa na mmoja. Na wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

— Huo ni wa kulea, Mama Vikombe akasema. Hujawahi kulea hata kikombe, kila siku unakirudisha hakina sikio.

Katibu aliagiza vielelezo. Trei akazima kwa ufunguo. Injini ikanyamaza. Kiki moja, ikawaka. Breki akazima kwa swichi nyekundu. Ikanyamaza vilevile. Akairudisha, akapiga kiki mbili, ikawaka. Katibu aliandika kwenye kipande cha katoni: sare.

Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini.

— Wote wawili ni wauaji, Sekunde akasema bila kuondoa kioo chake jichoni. Hata saa haisimamishwi ghafla. Injini iliyotoka safari inataka dakika moja na nusu ya kupumua. Mwenda pole hajikwai.

— Imesimama hapa. Inaendaje pole?

— Ndani inaenda, Gundi. Wewe unaona viatu tu, huoni miguu.

Gundi alitema uzi.

— Basi mimi niwaambie jambo. Pikipiki haizimwi. Pikipiki inaachwa ife yenyewe. Unafunga koki ya mafuta, unakaa pembeni. Inamaliza kilichobaki kwenye kabureta, inakata roho kwa heshima yake. Baba yangu mdogo alikuwa na pikipiki miaka ishirini na miwili, hakuwahi kuizima kwa ufunguo.

— Ufunguo ulikuwepo? Trei akauliza.

— Aliupoteza mwaka wa kwanza.

Kabla hajazuiwa, Gundi aliinama akafunga koki chini ya tanki. Injini haikujali. Iliendelea kunguruma, na sisi tukaisubiri ife.

— Kabla ya kuzima, Breki akasema wakati huo, unapiga resi moja kali. Mafuta yanapanda juu, asubuhi unayakuta yanakungoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Na unamkuta dada yangu macho, anakungoja na yeye, Trei akasema.

Dakika ya tatu injini ilikohoa, ikapanda sauti kidogo, ikakata. Gundi alivua kofia.

— Mmeona? Hakuna aliyemgusa.

— Nimeona, Sekunde akasema. Sasa mnaiacha hivyo hivyo, iko nyutro, haina gia. Injini ikiachwa nyutro inaota. Inaota safari. Ndiyo maana mnaamka mnakuta tanki limepungua.

— Limepungua kwa sababu ya mizunguko ya shemeji ya jioni, Trei akasema.

— Sikiliza. Mimi chuma nakijua. Chuma kina kumbukumbu, kinakumbuka mkono wa mwisho uliokigusa. Hii mnailaza kwa mkono huu, mnaiamsha kwa mkono ule. Ni kama mtoto aliyelazwa na mama yake akaamshwa na mpita njia. Lazima alie. Damu ni nzito kuliko maji.

— Hii ina oili, Gundi akasema.

— Oili ndiyo nzito zaidi.

Aliinuka, akakanyaga pedali ya gia mpaka ikalia tak, akarudi kwenye meza yake.

— Hapo haioti tena.

Katibu aligonga kikombe kwa kalamu.

— Ndugu wajumbe, tatizo hapa si ufundi. Tatizo ni itifaki. Ofisini kwetu mkurugenzi hakuwahi kutoka kabla tarishi hajafunga madirisha. Na pikipiki ni ofisi. Inazimwa kwa vyeo, kuanzia chini. Kwanza honi, huyo anapiga kelele na hana kazi maalumu. Halafu taa. Halafu mafuta, ambayo ni bajeti. Halafu swichi. Ufunguo unakuwa wa mwisho, kwa sababu ndio wenye muhuri.

— Honi inazimwaje? Breki akauliza.

— Unaacha kuipiga.

Aliinuka, akachomoa ufunguo kwenye pikipiki, akautia mfuko wa shati na kuufunga kwa kifungo.

— Ufunguo unahifadhiwa na kikao kama kielelezo namba moja.

Mama Vikombe alikuwa anakung'uta masalia ya kahawa kwenye ndoo.

— Mmesema iligoma mara mbili. Jumatatu tumesikia, plagi ililowa. Na Jumatano?

Trei alikaa chini kwenye tofali.

— Jumatano ndiyo iliyoleta maneno. Mimi si mjinga, mara moja imetosha. Nimeamka nimekwenda moja kwa moja kwenye kidude. Nikasema leo shemeji hanipati. Nikakibonyeza upande wa pili, nikatia ufunguo, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga mpaka majirani wakaanza kuhesabu. Kimya.

Breki alikuwa anatazama tairi la mbele.

— Breki, Mama Vikombe akasema. Tairi lina nini?

— Halina kitu.

— Basi tutazame sisi.

— Alfajiri ile nilimsikia anakohoa, anavaa viatu, Breki akasema. Nikakumbuka goti lake. Nikasema shemeji yangu atateseka tena. Nikatoka na shuka, nikakirudisha kidude mwenyewe, nikaingia ndani kulala.

Gundi alihesabu kwa vidole.

— Wewe ulikiwasha.

— Ndiyo.

— Halafu yeye akaja akakizima.

— Maandishi yamefutika, Breki akasema. Huwezi kujua upande upi ni upi. Alichofanya ni kukigeuza tu.

Trei alimgeukia shemeji yake.

— Ulitoka kunisaidia?

— Nilitoka.

— Mbona hukusema? Siku nzima nimekuita mchawi, uko kimya.

— Nilisikia kiki zinazidi, nikainuka nije nikwambie. Nafika mlangoni umeshanitukana, na mama yangu umemtia humo. Nikasema haya, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Sijui. Lakini nilichelewa.

Trei alisimama. Alikuwa mtu anayetaka kufanya jambo la heshima na hana kitu mkononi. Alikwenda kwenye pikipiki, akaweka kidole gumba juu ya swichi nyekundu.

— Nisamehe, shemeji. Mbele ya hawa wazee, leo nazima kwa kidude chako, kwa mkono wangu mwenyewe.

Akabonyeza. Breki alimpa mkono. Katibu aliandika: usuluhishi umefikiwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba pikipiki iliyozimwa kwa heshima hiyo ilikuwa imeshakufa dakika kadhaa kabla.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika nane. Kutoka zahanati alivuka mwanamke wa maabara, koti jeupe, boksi la bluu mkononi.

— Habari zenu. Iko tayari?

— Tayari kabisa, Trei akasema, akapanda, akapiga kiki. Pikipiki iliruka mbele nusu hatua, ikasimama juu ya ndala ya Gundi. Alipiga tena. Ikaruka tena. Mguu wa Gundi ulikuwa umeshatoka kwenye ndala.

Mwanamke aliweka boksi juu ya benchi.

— Damu hii inafika kule au haifiki? Maana nina namba ya mtu mwingine hapa.

Alikuwa ameshatoa simu.

— Inafika, dada yangu, Breki akasema. Tupe dakika.

— Sawa. Nani aliizima?

Sekunde alirudisha kioo jichoni. Gundi alianza kutafuta ndala yake, ambayo ilikuwa chini ya tairi mbele ya macho yake. Katibu alitazama katoni kama mtu anayetafuta ajenda. Mwanamke hakurudia swali. Alifungua simu, akaanza kushuka na majina kwa kidole.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Sekunde. Alipapasa pedali mpaka ikarudi nyutro.

— Ilikuwa isiote, akamwambia mwanamke.

Gundi alifungua koki. Katibu alihangaika na kifungo cha shati, kikakatika, akatoa ufunguo na kumkabidhi Trei kwa mikono miwili. Trei aliutia. Kisha yeye na Breki wakanyoosha vidole gumba kwenye swichi nyekundu kwa wakati mmoja, na wote wawili wakavirudisha.

— Bonyeza wewe, shemeji.

— Hapana, bonyeza wewe. Wewe ndiye uliyebonyeza mwisho.

— Abonyeze mmoja, Mama Vikombe akasema. Mara moja tu.

Trei alibonyeza. Kiki ya kwanza haikusema kitu. Ya pili ilikohoa. Ya tatu ikawaka.

Mwanamke alirudisha simu mfukoni, akachukua boksi.

— Nampa nani?

— Ni zamu yangu, Trei akasema.

— Ni zamu yake, Breki akasema, lakini nakwenda na mimi. Kule getini lazima izimwe, na jioni naichukua mimi.

Alipanda nyuma, akapakata boksi. Ilikuwa saa nne kasoro dakika mbili.

— Mkifika, mwanamke akauliza, nani ataizima?

Trei alimtazama Katibu. Katibu alitazama chini, ambako kifungo chake kilikuwa kimedondokea. Gundi na Sekunde walikuwa na kahawa vinywani na hawakuonekana kuwa na mpango wa kuimeza.

— Basi msiizime, mwanamke akasema. Mmoja ashuke na boksi, mwingine abaki juu.

Waliondoka. Injini ilikuwa na sauti nzuri, haikukosa hata pigo moja. Juu ya sauti hiyo, mpaka walipokata kona, tuliwasikia mashemeji wakibishana nani atashuka.