Nani Alilala Zamu ya Saa Tatu?

Benchi letu liko nje ya karakana ya viatu, hapa Shubra, mkabala na jiko la kahawa la Haji Metwalli, na tangu juzi lina pengo. Ghali hayupo. Ghali aliyenifundisha kushika sindano, leo anapasuliwa moyo; walimpangia saa tatu. Jana mkewe, Mama Karas, alituomba jambo moja tu: leo isipite hata saa moja ya sala bila mtu wa kumsomea mumewe. Tukagawana kitabu cha sala za saa kama tunavyogawana kiatu, huyu soli, yule ngozi. Gundi alfajiri, Breki wa bajaji saa tatu, mimi saa sita, Shemasi Nusu saa tisa, na jioni wote pamoja. Jioni nilipokwenda kumwona hospitali, Ghali alinipa kitabu chake mwenyewe, na penye ukurasa wangu akaweka uzi wa kushonea viatu. Tukaapa, na kwa kuapa sisi hatujambo. Saa tano na nusu tukatoka kuvuta pumzi, maana oda za viatu vya shule zimetukaba koo. Breki akaegesha bajaji yake, akaagiza kahawa, na Gundi akamuuliza swali.

Gundi: Saa tatu ulisalia wapi?

Breki: Barabarani.

Gundi: Barabarani wapi?

Breki: Kila nilipokanyaga breki. Foleni ya leo si unaijua? Zaburi nusu kwenye taa, nusu kwenye mzunguko. Bandu bandu huisha gogo.

Shemasi Nusu: Na gogo liliisha?

(Huyu aliimba kanisani mpaka sauti ikavunjika. Joho alirudisha, ujuaji akabaki nao.)

Breki: Lilibaki kidogo.

Mimi: Kidogo ndiyo ngapi?

Breki: Zaburi kumi.

Mimi: Kati ya kumi na mbili!

Breki: Lakini “Bwana hurumia” nimemaliza zote, arobaini na moja. Nilihesabu kwa matuta. Tuta moja, Bwana hurumia moja.

Gundi: Na abiria?

Breki: Aliomba kushuka.

Gundi alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimechemka.

Mimi: Mtu yuko chini ya kisu, wewe unahesabu matuta!

Breki: Nina watoto watatu wanaanza shule Jumamosi, Wadii! Nikisimamisha bajaji, wewe utawavalisha? Kawia ufike, bwana.

Gundi: Mimi alfajiri sikuacha hata neno.

Mimi: Uliamka saa ngapi?

Gundi: Si lazima kuamka. Niliwasha simu, sauti ya mtawa, safi kabisa. Nikaiweka kwenye stuli kando ya mto.

Mimi: Ukalala!

Gundi: Mwili ulilala. Fimbo ya mbali haiui nyoka, ndiyo maana niliiweka karibu na sikio.

Hapo ikaanza adhana ya adhuhuri, ikatufunika, nasi tukapaza sauti ili tusikizane. Haji Metwalli akapunguza moto.

— Dakika kumi, jamani. Kahawa itangoja.

Akaenda zake msikitini. Sisi tuliendelea.

Shemasi Nusu: Nyote hamna elimu. Saa haifi, inasafiri. Saa tatu ya Breki ilituponyoka, ikaelekea magharibi. Sasa hivi iko katikati ya bahari kuu. Tukimpata baharia Mkristo mwenye simu, akasali sasa hivi, zamu imezibika.

Breki: Unamjua baharia?

Shemasi Nusu: Mungu anao wengi.

Gundi: Baharia wa nini? Jangwani kuna watawa tele, wale hawana oda wala foleni. Sisi tuwashonee ndala, wao watusalie mwaka mzima, saa zote saba, mchana na usiku. Kila mtu na kazi yake.

Breki: Basi mbona mnaning'ang'ania? Ghali mwenyewe hajalalamika. Asiyekuwepo na lake halipo.

Lilimtoka tu, najua. Lakini nilikuwa nimeshamkamata kola, na glasi ya maji ikaanguka.

Mimi: Rudia.

Breki: Niachie, Wadii.

Mimi: Rudia ulichosema! Huyo mtu akifa, ni juu yako! Sikia vizuri: juu yako!

Breki alinitazama, macho yamejaa maji.

Breki: Usiseme hivyo. Ndugu yangu, sema lolote, hilo usiseme.

Sikumwachia. Gundi alinivuta huku, Shemasi Nusu akamvuta yule kule, kila mmoja akipiga kelele kwamba mwenzake anyamaze. Haji Metwalli alipoinama kuokota vipande vya glasi ndipo nikaona amerudi, mikono bado ina unyevu wa udhu.

— Bado tu? akauliza.

Akachochea moto. Na kabla birika halijachemka, Mama Karas akakata kona. Alikuwa anatoka hospitali mbio, miguuni bado amevaa vile vifuniko vya plastiki wanavyovalishwa watu wodini. Nikaiachia kola.

Mama Karas: Saa tatu hawakumgusa. Daktari aliletewa mgonjwa wa ajali. Wamemwingiza saa sita kamili.

Breki alishika kichwa, akashusha pumzi ndefu. Mkono wangu ukaenda mfukoni, penye kitabu.

Mama Karas: Wakati wanamsukuma alinicheka kwa kuwa nalia. Akasema, mwanamke, saa sita ni ya Wadii, na Wadii haruki mshono.

Akafunga mtandio wake vizuri, akanigeukia.

Mama Karas: Nimekuja kupokea kitabu, kaka, nimsomee pale mlangoni. Umefika zaburi ya ngapi?

Nikamtazama Gundi. Gundi alikuwa anaitazama lami. Shemasi Nusu, mwenye jibu la kila kitu, aliinama kufunga kamba za viatu. Breki peke yake alinitazama, kola imekunjamana, na angeweza kunirudishia maneno yangu. Akainyoosha tu kola.

Nikatoa kitabu mfukoni, nikampa. Uzi ulikuwa palepale Ghali alipouweka. Aliuona. Hakuuliza tena, akakifungua hapohapo penye uzi na kuanza zaburi ya kwanza, huku anatembea.

Haji Metwalli akaleta kahawa, glasi nne. Baadaye akazirudisha zote, zimejaa.