Pipa Nililogeuza Oveni

Hamjambo, akina mama wa Kanyangi, nanyi wazee wawili ninaowaona kule nyuma. Mmeniita niwaambie mtu anayetaka kuoka nyumbani anahitaji vyombo gani. Karatasi ninayo hapa, nimeandika vyote. Lakini ndugu zangu, siwezi kuisoma kabla sijawaambia kuhusu chombo kimoja nilichokuwa nacho mimi. Majina ya watu sitayataja.

Natoka Tseikuru. Nilikuwa napika mandazi, halafu nikatamani keki. Mizani nilikuwa nayo, chekeche, trei mbili za bati na mwiko mzuri. Oveni ndiyo sikuwa nayo. Fundi mmoja akaniambia, "Mama, niletee pipa la chuma. Nitalikata mlango, niweke rafu, makaa yakae chini."

Pipa nikalipata kando ya soko la mifugo. Karatasi ya ubavuni ilikuwa imekwanguliwa. Nikamuuliza muuzaji, "Hili lilikuwa na nini?"

Akaangalia pembeni. "Mafuta ya kupikia tu, mama."

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Nikaliosha kwa sabuni na majivu, maji nikayamwaga nyuma ya nyumba. Asubuhi iliyofuata kuku wangu watatu walikuwa wamelala chali, miguu juu. Nikasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Hakuna kuku wa jirani aliyekufa wiki ile. Hilo nililiona, nawaambia ukweli, na bado nikasema ni kideri.

Keki ya kwanza ilitoka nzuri, imeumuka, rangi kama asali. Lakini pipa likishika moto lilitoa harufu kali, na kichwa kilinigonga mpaka nikae chini. Nikaongeza vanila. Wiki ya pili nikaongeza tena, na maganda ya machungwa juu yake. Watu walinunua. Kingo za keki nilizikata ili ikae sawa, na hizo kingo nilimpa mama mkwe wangu, ambaye naishi naye, anywee chai ya saa nne. Alikula zote. Hakuwahi kuniambia neno.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kisomali, mfanyabiashara wa mbuzi, aliyewanunulia wajukuu wake keki. Siku moja akairudisha, imekatwa kipande kimoja tu. Akasema kwa upole, "Mama, keki yako inanuka josho. Mimi nimeogesha wanyama maisha yangu yote, hii harufu naijua. Ulizia hilo pipa lako."

Mnajua nilimjibu nini? Nilicheka. Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni vanila, hujaizoea." Akaniangalia kidogo, akaenda zake. Nilipofunga mlango nilienda nikalinusa pipa. Na kesho yake nikawasha moto tena.

Siku tatu baadaye, kabla ya saa sita mchana, nilimkuta mama mkwe ameketi kwenye kigoda, mate yanamtoka mpaka kifuani, jasho linamtiririka, nyama za mikono zinaruka zenyewe. Nikamwita kama tunavyomwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu! Mwaitu!" Aligeuza uso lakini hakuniona. Mboni zake zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini.

Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, mimi nimemshika kwa nyuma. Daktari akamtazama macho, akauliza haraka, "Huyu mama amegusa dawa ya mifugo? Amekula nini?"

Mimi nikanyamaza. Ndugu zangu, nilinyamaza! Kichwani niliona polisi, niliona watu wote walionunua keki wamesimama mlangoni kwangu.

Ndipo mama mkwe mwenyewe akasema, ulimi mzito, "Ugali. Nimekula ugali tu." Na akanibana vidole.

Alikuwa anajua. Alikuwa anajua siku zote, na sasa, pumzi ikimkatika, ananificha mimi. Kitu kikavunjika ndani yangu. Nikapiga kelele, "Anadanganya, daktari! Amekula keki yangu! Naoka kwa pipa la dawa ya kupe!" Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka.

Daktari hakunigombeza. Alikimbilia sindano. Baadaye aliniambia, "Ungekawia kidogo, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Mama mkwe alilazwa siku tisa. Mimi siku hizo nilizunguka nyumba kwa nyumba kusema nilichofanya. Yule mzee wa mbuzi aliandamana nami kwa familia za Waislamu, akatangulia kuongea kila mlango, ijapokuwa nilikuwa nimemcheka. Wengine walinifukuza. Mmoja alinitemea mate, na nikaona ni haki yake. Wawili walikuwa na watoto wanaotapika, nao wakatibiwa wakapona. Afisa wa afya alikuja kulichukua pipa.

Lakini kuna mama mmoja aliyekuwa safarini. Alinunua vipande viwili, akampa kimoja mtoto aliyembeba mgongoni, akapanda lori la kwenda kaskazini. Sikumuuliza jina. Nimeuliza kwa madereva, nimeuliza misikitini na makanisani. Sijui kilichowapata. Namwombea, na bado sijui.

Nawashukuru wanawake wa kikundi chetu kule Tseikuru, walioniletea sufuria kubwa, mchanga safi wa kutandaza ndani yake na kifuniko kizito, wakasema, "Anza na hivi." Namshukuru daktari, na mzee wa mbuzi. Namshukuru mama mkwe wangu, ambaye mkono wake wa kulia bado unatetemeka anapoinua kikombe, na ambaye hajawahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Sasa nitasoma karatasi yangu. Lakini kama kuna mtu hapa ana chombo jikoni anachoogopa kuulizia, asingoje nimalize. Ainuke sasa hivi, aende nyumbani, akitoe nje. Hatutamcheka.