Fundi Fumua: Miaka Hamsini na Minane ya Kuwafaa Watu

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Fundi Fumua, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba alikuwa mlinzi wa ghala, mama alifua nguo za watu. Mimi ndiye kitinda mimba. Aliniita Mama Wasiwasi tangu nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza na kumpima joto mara sita kwa siku.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980. Mwaka wa mwisho alimshonea mwalimu kifungo katikati ya somo la hesabu. Kifungo kilisifiwa, hesabu akapata sifuri. Kisha akajifunza ushonaji miaka mitatu kwa mama mmoja jirani yetu. Kila mshono uliopinda, yule mama alisema neno moja tu: "Fumua." Kaka alilirithi neno hilo pamoja na mkasi.

Mwaka 1984 aliweka cherehani kwenye baraza ya duka la vitambaa, mkabala na lango la hospitali, akakaa hapo miaka arobaini. Hakushona nguo mpya. Alitia viraka, zipu na vifungo. Mteja akiuliza, "Fundi, suruali hii itapona?" alijibu, "Itapona, ila mwenyewe upunguze kukaa." Alipoulizwa kwa nini hashoni suti apate jina, alisema maisha mema ni kumfaa mtu, basi, asiyefaa ni tambara la kufutia meza. Tulicheka. Hatukujua kwamba maneno hayo yatamrudia.

Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na wifi yetu. Wifi alikuwa amempelekea gauni la kupunguzwa kiunoni, na mara nne akaambiwa arudi kesho. Mwenyewe husema, "Gauni lilikuwa tayari siku ya kwanza. Nililiona limekunjwa. Nikanyamaza."

Asubuhi ya tarehe 2 Februari mwaka huu alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala. Tulimpeleka mazoezini, tukamkanda, tukaomba. Vidole havikushika sindano. Siku moja nikimlisha akaniambia, "Mimi nilishakufa, mmechelewa tu kuzika."

Nikamwambia, "Kaka, mtoto mchanga naye hafai kwa kazi yoyote. Mbona tunampenda?"

"Mtoto anangojwa akue. Mimi nangojewa nini?"

Nikampa kijiko kingine cha uji. Elimu yangu ni ndogo, na sidhani hata kubwa ingelijibu hilo.

Nilichoweza ni kumpelekea suruali ya mume wangu iliyochanika goti, anielekeze kuishona. Akaipapasa kwa mkono wa kushoto.

"Mama Wasiwasi, hii haikuchanika. Nguo iliyochakaa hutoa nyuzi kwanza. Hii umeikata wewe, tena kwa mkasi butu."

Akageukia ukuta. Nikabaki na suruali mapajani, sijui niondoke au nikae. Bado kanipa mgongo, akauliza, "Shemeji anajua?"

"Hajui."

Akacheka, mara ya kwanza tangu Februari. "Haya, tunga uzi."

Wiki tatu mimi nilishona, yeye akanifumulisha. Ijumaa tarehe 18 Oktoba nilimwonyesha kiraka nikidhani tumemaliza. Akakipitishia kidole polepole.

"Fumua. Kesho uje."

Nilifumua pale pale. Jumamosi nikaja, uzi nimeshautunga nyumbani ili tusipoteze muda. Alikuwa amefariki saa tatu asubuhi, saa moja kabla sijafika.

Sijui kama kaka alikuwa amepata cha kungojea, au alinihurumia tu. Najiuliza kila siku, wala hayupo wa kumuuliza.

Ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja na sisi wadogo zake wawili. Nguo kumi na moja ziko kwenye rafu pale barazani, zote tayari tangu Februari. Wenyewe tafadhali mzichukue. Ya kumi na mbili iko kwangu, goti wazi.

Kaka, nilikuja kama ulivyosema. Pumzika kwa amani.