Mzigo Mmoja wa Kuni Kavu

Benchi la kijiwe liliegemea ukuta wa chumba alichopanga mama mmoja kijana, kwa hiyo kila walichobishana wanaume wale tangu asubuhi mpaka jua la utosini kilimfikia kitandani kupitia dirishani. Kwa miezi miwili alikuwa akiwajua kwa sauti bila kuwahi kukaa nao: Rula, seremala ambaye tepu ya kupimia haimtoki kiunoni; Waziri, karani wa stoo mstaafu mwenye msimamo juu ya kila jambo; na Mzee Buli, muuza kahawa, mwenye benchi, mwenye vikombe, na mwenye neno la mwisho kwa sababu akiudhika anafunga biashara. Leo ilibidi yule mama atoke mwenyewe. Kuni zake zilikuwa zimemwagwa mbele ya miguu yao, mzigo mmoja, kuni kavu alizoagiza kwa Shoka, mkata kuni, na kuzilipia zote, na Shoka kesho anaingia msituni, harudi mpaka miezi miwili ipite, na mvua ndiyo hizo zinanukia, na mtoto wa miezi minne aliyekuwa mgongoni alikuwa ametoka kulazwa kwa ajili ya kifua, na nesi alimkazia macho akamwambia asimsogeze kwenye moshi hata kidogo. Aliokota ukuni mmoja, akauona mzito. Akaogopa.

— Shikamooni, samahanini, naomba mnisaidie, — alisema kwa pumzi moja, — hizi kuni ndiyo zimeletwa sasa hivi, sijui kama ziko sawa, mimi nilimwambia...

— Umeibiwa, — alisema Waziri.

— We, hata hujaziangalia! — Rula alimdaka.

— Za nini niziangalie? Namwangalia mama mtoto. Uso wa mtu aliyeibiwa naujua, nimekaa stoo miaka thelathini.

— Wakikuibia, au ukiiba? — aliuliza Mzee Buli huku akimimina kahawa.

— Nimesema nilikaa. Mengine hayakuhusu.

Rula alishainuka, tepu mkononi.

— Binti, uliagiza kiasi gani?

— Mzigo mmoja. Lakini shida yangu si kiasi, baba, ni kwamba...

— Mzigo mmoja. Haya. Kuni zikiwa zimemwagwa huwezi kujua kitu, rundo linajitutumua. Lazima zipangwe.

Akazipanga kama anayeunga mbao za kabati, kila ukuni akiugeuza na kuugeuza mpaka ulale sawasawa kwenye mgongo wa mwenzake, panya asipate pa kupita. Alipomaliza, kuni zote zilimfika gotini.

— Goti! — alitangaza. — Mzigo gani unaishia gotini? Hapa kuna nusu, tena nusu yenye njaa.

Yule mama alipiga hatua mbele. Lakini Waziri alikwishavua koti.

— Unazibana hivyo kwa haki gani? Kuni zinapumua, bwana! Sogea.

Akalibomoa lote, akapanga upya, mbili hivi, mbili vile, akiacha matundu ambayo paka mwenye mimba angepita bila kujikunja. Rundo likapanda mpaka kifuani kwake.

— Umezidishiwa, — alimwambia yule mama, sauti imekuwa ya hakimu. — Mrudishie mwenzio zilizozidi. Usije ukala haki ya mtu.

Yaani dakika chache zilizopita alikuwa ameibiwa, na sasa mwizi ni yeye! Alifungua mdomo, wakamwahi.

— Ngoja kwanza, — alisema Mzee Buli, buli likiwa hewani. — Kuni si zilezile? Kati ya goti na kifua kumeongezeka nini? Hewa! Shoka anauza hewa. Kuni ni kifungashio tu.

— Na hewa yenyewe anaichota bure hukohuko msituni! — alidakia Waziri.

— Mimi nilisikia wauza kuni wana chuo chao, — Rula aliwanong'oneza. — Mtu anasomea mwaka mzima namna ya kupanga kuni zisigusane.

— Cheti wanapewa? — aliuliza Waziri.

— Cha mbao.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Mgongoni, mtoto akakohoa. Mara moja. Mama alisimama wima, hakupumua, akisubiri cha pili. Hakikuja.

— Jamani, mimi naomba tu...

— Tulia, mama mtoto, tuko hapa tunakutetea!

Hapo ndipo Shoka alipotokea kwenye kona, shati limelowa jasho, vipande vinne vya kuni begani.

— Dada, hizi zilidondoka pale mteremkoni, mkokoteni uliyumba. Nimerudi kuziokota.

Waziri aliona kitu cha kuchunguza ndani ya kikombe chake.

— Mbona kimya? Na nani kazipanga hivi? Mnafuga kuku? — aliuliza Shoka.

— Tulikuwa tunahakiki, — alisema Rula, — kama mzigo umetimia.

— Zitatoa moshi?

Ilikuwa sauti ya yule mama, na hata yeye ilimshtua. Shoka aliziangalia kuni. Rula akamwangalia Waziri, Waziri akamwangalia Mzee Buli, na Mzee Buli akajikuta anafuta kikombe kisafi.

— Nauliza, kwa sababu tangu nitoke nataka kuuliza hilo tu, mtoto huyu kalala siku tatu na mpira wa hewa puani, mkaa siuwezi, ndiyo maana nikasema kavu, kaka Shoka, nilisema kavu, hukunisikia?

— Nilikusikia, — Shoka alishusha vile vipande polepole. — Kavu nilizokuwa nazo hazikujaza mkokoteni. Nikajazia na zilizokatwa mwezi uliopita, bado mbichi. Niliogopa utasema mzigo haujatimia.

— Ningezipokea pungufu, kaka. Kavu chache ningezipokea.

Shoka alichuchumaa, akagonganisha kuni mbili, zikalia kwa sauti kali, nyembamba. Akagonganisha nyingine mbili, sauti ikafia humohumo ndani.

— Hizi hapana, — alisema, akazitupa pembeni.

Rula alichuchumaa naye. Kisha Waziri, akilalamikia magoti. Kwa mara ya kwanza kijiwe kizima kilikuwa kinagonga na kutega sikio. Mbichi zikawa nyingi kuliko kavu.

— Hizi narudi nazo, — alisema Shoka. — Msituni siendi mpaka nikuletee za nyumbani kwangu, zile za mke wangu, zimekaa darini tangu mwaka jana. Atanielewa. — Akafikiri kidogo. — Akikataa nitalala hapa benchini.

Yule mama alichukua kuni tatu kavu akaingia ndani, akaacha mlango wazi. Alimshusha mtoto, akamlaza mbali na jiko, upande wa dirisha. Karatasi ikashika moto, vijiti vikashika, halafu akaweka ukuni wa kwanza na kuinamia, macho wazi kabisa, pua karibu.

— Vipi, mama, moshi? — Mzee Buli aliita kutoka nje.

Yule mama alikuwa anauangalia moto, anamsikiliza mtoto.

— Ngojeni kwanza, — alisema.

Na wakangoja.